Mwenzangu wa jikoni anaongea Kihispania: nimfundisheje maneno ya chakula kwa Kiingereza?

KisuButu aliandika:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada, hasa kwa mnaojua Kihispania hata kwa mbali.

Nafanya kazi jikoni, na kuna dada tuliyeanza naye zamu moja miezi mitatu iliyopita. Lugha yake ni Kihispania. Mpishi mkuu anatoa amri kwa Kiingereza, oda zinaingia kwa Kiingereza, basi dada huyu akaniomba nimfundishe maneno ya chakula. Mimi Kihispania sijui hata salamu. Nikakaa nikaandika orodha ya maneno 120 kwa mpangilio wa alfabeti, kila neno na mchoro wake pembeni (sijui kuchora, kitunguu changu kimefanana na balbu). Amekariri yote. Ukimwuliza neno mojamoja anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Shida inaanza kazi ikipamba moto. Wiki hii peke yake: ameambiwa alete "pan", yaani kikaango, akarudi na mkate. Ameambiwa aandike "soup" ubaoni, akaandika "soap", na ikakaa pale mpaka mteja mmoja akauliza kama sabuni ya leo ni ya kuku au ya mboga. Juzi akanitangazia kwa kujiamini kabisa, "The kitchen is in the chicken." Na kila akitaka kuonja mchuzi anasema "Can I prove it?", mimi nabaki kujiuliza mchuzi unathibitishwa mbele ya hakimu gani.

Si mzembe wala si mzito wa kushika. Nakosea wapi? Niongeze orodha ifike 200?

---

Mbogamboga_77 aliandika:

Mwambie apakue programu ya kujifunza lugha kwenye simu. Dakika kumi kila siku, umemaliza kazi. Mbona unajipa mzigo?

---

BibiKamusi aliandika:

Mwanangu KisuButu, usiongeze orodha. Ichane.

Nimefundisha Kiingereza kwa watu wa Kihispania miaka 19. Mwaka wa kwanza nilifanya hayohayo yako, ila orodha yangu ilikuwa na maneno 300, kwa hiyo umenizidi busara kwa 180.

Tazama makosa uliyoyataja mwenyewe. Ukiacha lile la kuku na jiko, hakuna hata moja lililotokana na neno asilolijua. Yote yanatokana na neno analolijua tayari, kwa lugha yake. Kwake *pan* ni mkate. Umemwambia alete mkate, kaleta mkate, sasa kosa lake nini? *Sopa* kwake ni supu, na jicho likiona "soap" linaona jamaa yake wa damu. *Probar* kwake ni neno moja linalobeba kujaribu, kuonja na kuthibitisha, kwa hiyo "prove" imemjia kwa njia iliyonyooka kabisa. (Tena ajabu ni kwamba "prove" ipo jikoni, ila ni ya donge la unga wa mkate linapoachwa liumuke. Usimwambie hilo wiki hii.)

Orodha ya alfabeti haimsaidii kwa sababu inayatendea maneno yote sawa. Hayako sawa. Kuna anayoyajua bila kujua kwamba anayajua, na kuna anayodhani anayajua. Ya kwanza mpe kwa siku moja umtie moyo. Ya pili ndiyo kazi.

Ya kwanza ni mengi kuliko unavyofikiri. Kiingereza kimepata "tomato", "potato", "maize", "avocado" na "vanilla" kwa kupitia Kihispania, kwa hiyo nusu ya kapu la mboga ni mali yao. "Chocolate" haijabadilika hata herufi. Mwambie tu asiitamke silabi zote nne kama kwao. Halafu yako yaliyotoka Kiarabu, na hapo hata wewe utajiona nyumbani: *azúcar*, "sugar", sukari, *azafrán*, "saffron", zafarani. Kihispania mara nyingi kiliyachukua pamoja na ile *al* ya Kiarabu mbele yake, ndiyo maana yanaanza na *a*. Mfundishe kuikata hiyo *a*, ataona *arroz* inaanza kufanana na "rice". Ujanja huu una mipaka, wasije wakausukuma: *aceituna* ni zaituni yetu kabisa, lakini Kiingereza kimekwenda zake na "olive".

Sasa wasaliti. Hawa nawafundisha wawiliwawili, adui na adui yake, siku hiyohiyo. *Jamón* ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, yaani "ham", lakini jicho lake litakimbilia "jam", ambayo ni jamu tunayopaka kwenye slesi. *Vaso* ni bilauri, "vase" ni chombo cha maua. *Grapa* ni pini ya stepla, "grape" ni zabibu. *Pie* kwao ni mguu, hivyo "apple pie" ni mguu wa tofaa mpaka atakapozoea. *Tuna* kwa Wahispania wengi wa Amerika ni tunda la mpungate, na samaki wa kopo wanamwita *atún*. *Receta* ndiyo inayonipa taabu kuliko zote, maana kwao ni maelekezo ya mapishi na pia ni karatasi ya dawa anayoandika daktari, kisha Kiingereza kinawatupia "recipe", "receipt" na "prescription" kwa mpigo. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyemwomba mhudumu risiti, akashangaa mtu anamletea karatasi ya malipo badala ya kumweleza chakula kinavyopikwa.

Na *rico*. Akionja kitu kitamu atasema "This soup is very rich." Mpishi mkuu atasikia kwamba krimu imezidi.

Kuna sehemu nyingine ambayo wengi hawaigusi: pale lugha yao inapogawa kitu na Kiingereza hakigawi, au kinyume chake. Kihispania kina *caliente*, moto wa jikoni, na *picante*, ukali wa pilipili. Sisi pia tunatenganisha, moto na mkali. Kiingereza kimetosheka na "hot". Mtu akimwambia "Careful, it's hot", mfundishe kuuliza "Hot or spicy?" kabla hajatia ulimi. Samaki aliye majini kwao ni *pez*, akishavuliwa awe chakula ni *pescado*. Kiingereza kinamwita "fish" akiwa hai na akiwa sahanini. Ukija kwenye nyama mambo yanageuka. Kihispania kinasema *carne de cerdo*, *carne de res*, kama sisi tunavyosema nyama ya nguruwe, nyama ya ng'ombe. Kiingereza kina "pig" bandani na "pork" mezani, "cow" na "beef", "sheep" na "mutton". Hii ni kwa sababu Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, watawala wakawa wanaongea Kifaransa, na majina yao ya nyama yakabaki mezani huku aliyelisha mnyama akiendelea na jina la kwao. Mwanafunzi ukimpa hadithi hiyo moja hakosei tena. Nimeijaribu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote na haijawahi kuniangusha.

Kuku hakuguswa na Wanormani, lakini ana mtego wake. "I ate chicken" ni kwamba umekula nyama ya kuku. "I ate a chicken" ni kwamba umemmaliza mzima. Kadhalika *un pan* ni sahihi kwao, ila "a bread" si Kiingereza. Ni "a loaf" ukiwa mzima, "a slice" ukiwa slesi. Na kitunguu saumu! Punje moja ya kitunguu saumu kwao ni *diente*, jino. Jiandae kusikia "two teeth of garlic". Kiingereza kinasema "clove", ambayo tena ndiyo karafuu. Nilikuwa na kijana aliyeambiwa atie "three cloves" kwenye mchuzi, akatia karafuu tatu, na ilibidi tukubaliane kwamba kwa maelezo aliyopewa hakuwa na hatia.

Hilo la "kitchen" na "chicken" ni sauti tu. Hata Waingereza wadogo huchanganya. Litaisha.

Swali moja kwako: huyo dada anatoka nchi gani? Kihispania cha chakula si kimoja. Kiazi ni *patata* Uhispania na *papa* Amerika ya Kilatini. Parachichi ni *aguacate* kwa wengi na *palta* kwa Wachile, Waperu na Waargentina. Na ninyi hapo jikoni mnatumia Kiingereza cha wapi? Biringanya ni "aubergine" Uingereza na "eggplant" Marekani. "Chips" za Uingereza ni za moto, za Marekani ni zile kavu za pakiti. Chagueni upande mmoja kwanza.

---

Mbogamboga_77 aliandika:

Bibi shikamoo. Nimefuta programu.

---

MgeniWaKiswahili aliandika:

Habari zenu. Mimi ni Mmeksiko, Kiswahili nimejifunza ukubwani, mtanisamehe ngeli.

BibiKamusi amesema kweli tupu. Nina mambo mawili tu. Kwanza limau. Kwetu Mexico *limón* ni lile dogo la kijani, ambalo nyinyi mnaliita ndimu. Kwa hiyo nilipokuwa najifunza Kiingereza nilisema "lemon" miaka miwili na miaka miwili nikapewa la njano, nikidhani wananifanyia makusudi. Neno lilikuwa "lime". Nilipoanza Kiswahili na kukuta ndimu na limau nilifurahi sana, sikuanguka tena shimo lile. Kama dada huyo ni wa Mexico, mwanzishie hapo.

Pili, kuna neno ambalo bibi kwa heshima zake hakulitaja. Kwenye makopo ya chakula kwa Kiingereza huandikwa "no preservatives". Kwa Kihispania *preservativo* ni kondomu. Mara ya kwanza nilipolisoma kwenye kopo la maharage nililirudisha rafuni polepole. Viungo vya kuhifadhi chakula kwetu ni *conservadores*. Mwambie mapema, na mwambie faragha.

---

BibiKamusi aliandika:

Sikulitaja kwa kuwa sikujua kuna watoto humu au la. Asante kwa kunisaidia.

---

KibandikoTu aliandika:

Mimi napingana kidogo. Njia iliyonisaidia mimi na lugha ya tatu ni kubandika karatasi. Kila kitu jikoni kibandikwe jina: sufuria, kikaango, mwiko, chumvi, friji. Ukikiona mara hamsini kwa siku, kichwa kinashika chenyewe. Nadharia za mwaka 1066 mtu aliyeshika kisu hana muda nazo.

---

BibiKamusi aliandika:

KibandikoTu, kwa kikaango nakubali, tena yeye ndiye anayehitaji karatasi hiyo kuliko wote: andikeni "pan" kwa herufi kubwa muibandike juu ya mpini. Lakini utabandika wapi "simmer", yaani kuchemsha kwa moto mdogo? Jikoni watu hawatajiani vitu tu, wanaambiana wafanye nini, na kitendo hakina ubavu wa kubandikwa karatasi.

Na kwenye vitendo ndiko Kihispania kinapomwacha mtu njiani. *Asar* yao inabeba sehemu kubwa ya kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kati ya "roast" na "grill", huku Wamarekani wakiongeza "broil" kwa moto unaotoka juu. Kuoka mkate au keki ni "bake", na hapo wanalo *hornear*, kwa hiyo halisumbui. Wewe KisuButu una bahati kuliko unavyojua, maana Kiswahili ni tajiri upande huu: kuoka, kuchoma, kubanika, kukaanga, kutokosa. Usimtafsirie. Mwonyeshe. Kila unapofanya kitu, kiseme huku mkono unafanya, "I'm frying", "I'm peeling", naye arudie mkono wake ukifanya. Kitendo kinakaa kwenye mkono.

Tena mzoeshe kwa sentensi nzima. Kwao njaa mtu "anayo", *tengo hambre*, sawasawa na sisi tunavyosema nina njaa. Ndiyo maana atasema "I have hungry." Wewe unalijua kosa hilo kutoka ndani, kwa sababu na wewe ulilifanya shuleni, usinikatalie.

Matamshi nayo. Kihispania kina irabu tano kama zetu, kwa hiyo "chip" na "cheap" kwake ni kitu kimoja, na pengine kwako pia, fanyeni zoezi pamoja bila kuoneana haya. Asichonacho na wewe unacho ni *z*, na tofauti ya *b* na *v*: akisema "berry" sikiliza kama hakusema "very". *J* ya Kiingereza ikimshinda inageuka *y*, ndipo jamu, "jam", inapokuwa kiazi kikuu, "yam". Kingine utakachokisikia kila siku ni "espinach", "esteak", "espoon". Hawawezi kuanza neno kwa *s* iliyofuatwa na konsonanti bila kuweka *e* mlangoni. Usimcheke. Sisi tuliongeza irabu mwishoni tukapata keki, jamu na chokoleti; wao wanaiweka mbele. Dawa yake ni kuvuta *sss* ndefu kama nyoka, kisha kuingia kwenye neno: "sss-teak". Siku tatu jikoni patakuwa na nyoka wengi, ya nne watatoweka.

---

KisuButu aliandika:

Shikamoo bibi. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa najaribu.

Kwanza majibu: anatoka Mexico (MgeniWaKiswahili, la ndimu limeokoa sosi moja tayari, asante), na hapa tunatumia Kiingereza cha Marekani. Lililomfurahisha ni kukuta "cilantro" (majani ya giligilani) ni "cilantro" kwa lugha zote mbili. Alidhani nimekosea kuandika.

Orodha nimeichana mbele yake. Alikasirika, maana alikuwa ameihifadhi kwenye bahasha ya plastiki. Tukaanza na wasaliti watatu kwa siku, kabla ya zamu, wakati wa kumenya viazi. "Ham" na "jam" zimekwisha kabisa. "Pan" bado mkono unaenda kwenye mkate, lakini sasa unasimama katikati, anacheka, anageuka. Hadithi ya 1066 nilimpa nikiwa nakata nyama, na alichosema ni, "So the rich people named the food." Nikamwambia ndiyo, na mara hiyo "rich" umeitumia sawasawa.

Vitendo ndivyo vilivyobadilisha kazi. KibandikoTu usikasirike, karatasi moja tuliibandika, ile ya kikaango, ikaungua siku ya pili.

Nyoka wapo. Mpishi mkuu aliuliza kama kuna bomba la gesi linalovuja.

Aibu ni kwamba juzi amenisahihisha mimi. Nilimwambia mtu wa nje kwamba mimi ni "cooker". Akaniambia polepole, kwa adabu, kwamba "cooker" kwa Waingereza ni jiko, mtu ni "cook", na kwamba yeye alifanya kosa hilohilo mwaka jana kwa sababu ya *cocinero*. Miaka sita najitambulisha kama jiko, wakuu, na hakuna aliyeniambia.

Sasa ana maswali yaliyonishinda. Kwa nini "eggplant" haina yai? Na kwa nini "pineapple" haina tofaa?

---

BibiKamusi aliandika:

Marahaba mwanangu, na hongera kwake zaidi.

Biringanya alizozijua Mwingereza aliyetoa jina zilikuwa nyeupe, ndogo, za umbo la yai hasa. Zambarau kubwa ndiyo iliyokuja kutawala, jina likabaki na yai lake. "Pineapple" zamani lilikuwa jina la koni ya msonobari, na nanasi lilipofika wakaona linafanana nayo. Wahispania waliona kitu hichohicho, ndiyo maana kwao koni na tunda vyote ni *piña*. Lugha nyingi duniani zimekaa upande wetu wa nanasi, kwa hiyo hao wawili ndio wenye maelezo ya kutoa.

Kwa kuwa ni Mmeksiko, muwahi kwa neno moja: "sweetbread". Kwao *pan dulce* ni mkate mtamu, nao wanaupenda. Kwa Kiingereza neno hilo likiandikwa pamoja si mkate wala si tamu, ni tezi za ndama au mwanakondoo.

---

KisuButu aliandika:

Bibi, umechelewa. Jana mpishi mkuu aliuliza nani anataka kuonja "sweetbreads", na mkono wake ndio ulionyooka wa kwanza.